Saini Iliyooshwa kwa Maji

Kabla sijaisimulia habari ya ile karatasi, inanipasa nieleze jinsi karatasi zilivyotunzwa Tabora katika zama zile. Asiyelijua hilo atadhani kwamba mtu fulani alidanganya. Na mimi niliyekuwa karibu na mambo yale kuliko yeyote aliye hai sijaona hata leo ni nani aliyedanganya.

Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara. Kwa Mnyamwezi wa kizazi cha babu zetu, kijana ambaye hajafika pwani na kurudi na alama ya mzigo begani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, na wazazi wengi hawakumpa binti. Wengi waliwabebea Waarabu, ambao hawakuwa na desturi ya kumwandikia mpagazi kitu. Lakini wale Wazungu wachache waliopita kwenda kwenye maziwa, ambao baadaye majina yao yalifundishwa shuleni kana kwamba walikwenda peke yao, walikuwa na mazoea ya kumpa cheti kila mpagazi aliyefika mwisho wa safari. Karani wa msafara, mtu wa pwani, aliandika maneno kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mzungu akatia saini yake chini kwa herufi za kwao. Mpagazi alikipeleka cheti nyumbani, akakishonea ngozi, akakiweka darini penye moshi.

Moshi ulikikinga na mchwa, lakini si na miaka. Karatasi hukatika mikunjoni, wino hugeuka rangi ya kutu, na jina la mtu huwa la kwanza kupotea kwa sababu ndilo linaloguswa kidole mara nyingi. Cheti kilipofikia hali hiyo, wenye nacho walikipeleka mjini kwa mnakili.

Mnakili aliyeaminiwa kuliko wote alikuwa shehe wangu, aliyekaa mtaa wa Cheyo katika nyumba ya udongo yenye baraza nyembamba, nami nilisoma kwake miaka saba kabla ya kwenda shule ya serikali. Kazi yake ilikuwa na kanuni tatu ambazo hakuzivunja. Ya kwanza: kinachonakiliwa hunakiliwa chote, pamoja na kosa la karani na doa la wino kama limegusa neno. Saini za Wazungu aliziiga mkunjo kwa mkunjo bila kuzijua herufi zake, kama mtu anavyochora njia ya mto asioujua unakotoka. Ya pili: nakala ikikamilika huchorwa duara dogo chini ya ukurasa, kisha husomwa yote dhidi ya asili yake mbele ya mtu wa pili, na ikionekana haikupungua wala kuzidi, nukta hutiwa ndani ya duara. Kwa wanaojua, duara tupu ni kazi isiyohakikishwa, na duara lenye nukta ni ushahidi.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyotuangamiza. Asili iliyokwisha nakiliwa na kuhakikishwa haikurudishwa kwa mwenyewe. Shehe aliiosha kwa maji mpaka wino ukatoka wote, maji akayamwaga chini ya mkomamanga uani kwake, mahali pasipokanyagwa, na karatasi tupu akaizika. Alitufundisha sababu. Safari ilikuwa moja, na shahidi ni mmoja. Anayeacha karatasi mbili zitembee duniani amezaa shahidi wa pili ambaye hakuwapo. Kwa hiyo aliiharibu ya kwanza kwa ajili ya kuuogopa uongo. Nilimsaidia kazi hiyo mara nyingi, na sikumbuki hata mara moja nikijiuliza kama kinachokwenda na maji ni kitu kingine zaidi ya wino.

Hizo ndizo zilizokuwa hali zetu wakati dalali alipoanza kutafuta saini.

Huyu dalali alikuwa na duka karibu na soko, na kazi yake ilikuwa kunadi vyombo vya maofisa wa Kiingereza waliohamishwa au waliorudi kwao: vitanda, mabirika, gramafoni, na mara moja bafu la bati ambalo mnunuzi wake alilifanya hori la ng'ombe. Kupitia ofisa mmoja alipata kujua kwamba Ulaya zipo nyumba za mnada zinazouza saini za watu mashuhuri waliokufa, na kwamba saini za wasafiri waliopita Tabora zinatakiwa sana. Alinicheka nilipokataa kuamini. Alisema Wazungu ni watu wa ajabu, wananunua saini ya marehemu, ilhali sisi hapa mtu akiona tarishi anakuja na saini ya hakimu aliye hai hutorokea porini. Akaniomba niwe nikimsomea vyeti vitakavyoletwa na kuviandikia maelezo kwa Kiingereza. Nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali, mmoja wa wachache mjini waliosoma herufi zote mbili, na nilikubali. Nilifurahi kuombwa, hilo nisilifiche.

Katika mwaka wa kwanza vilipita mikononi mwangu vyeti vitatu, vyote ukingo wake wa chini umeshonewa ndani ya ngozi. Cha nne kililetwa na mzee mmoja wa Goweko.

Alikuja kwa garimoshi la asubuhi, akatembea kutoka stesheni hadi kwa dalali bila kupumzika. Alikuwa mkulima wa karanga na mtama, Mkristo wa Kimoraviani, mrefu, aliyezoea kushika kofia yake kwa mikono miwili anapozungumza na watu wa mjini. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza kama mimi ndiye mwalimu anayesoma. Nilipoitikia alitoa ndani ya shati mfuko wa ngozi uliokuwa umeshonwa pande tatu, na ukingo wa chini wa karatasi umekunjwa na kuingizwa ndani ya mshono. Sehemu ya juu ilisomeka yote. Niliisoma kwa sauti: kwamba huyu, mtu huru wa Unyamwezi, alibeba mzigo wa mwenye saini hii kutoka Bagamoyo hata Ujiji, hakutoroka wala kuiba, na ijara yake ameipokea mkononi. Chini yake kulikuwa na saini ambayo kila aliyesoma shule ya serikali angeitambua.

Nilipofika kwenye maneno "mtu huru" mzee aliinua mkono nirudie. Nikarudia.

Dalali akataja bei anayoitumainia. Mzee akamwacha amalize, kisha akasema hakuja kwa ajili hiyo. Alitueleza kisa chake taratibu, akituangalia kwa zamu. Mjukuu wake wa kike, ambaye alimlea baada ya mwanawe kufariki, alikuwa amechumbiwa na ukoo wa jirani, na majembe ya posa yalikwisha pokelewa. Kisha katika pombe ya mavuno babu wa mchumba alitamka mbele ya watu kwamba baba yake huyu mzee hakwenda Ujiji kama mpagazi. Alipelekwa amefungwa shingo, na aliyerudi na kamba shingoni hazai waungwana. Watu walicheka. Tangu siku ile washenga hawakuja, na ukoo ule ulitaka kuthibitishiwa.

"Nimewaonyesha hii," alisema, "wakaniambia ngozi ya mbuzi haisemi. Hawajui kusoma. Lakini nimesikia huko Ulaya kabla ya kunadi wanapiga chapa kitabu, kila kitu na habari zake. Nataka jina la baba yangu lipigwe chapa humo, na neno hili la huru. Kitabu mnipatie kimoja. Hicho bwana mchungaji atawasomea kanisani."

Dalali alicheka kwa upole, akasema kitabu kupatikana ni jambo dogo. Mimi nilikumbuka desturi yetu ya mnadani Tabora, kwamba kitu kilichotembezwa mbele ya watu na kuulizwa kama yupo mwenye kukipinga, naye asitokee, hakipingwi tena baada ya hapo. Nilimwelewa mzee barabara. Aliamini kwamba Ulaya nzima ingeulizwa kama yupo mwenye kumpinga baba yake. Sikumwambia kwamba sivyo. Niliandika maelezo siku ileile, kwa uangalifu, nikalitia jina la baba yake mara mbili. Mfuko sikuufumua, kwa sababu mshono ulikuwa wa zamani na niliuona kuwa sehemu ya kitu chenyewe. Mzee hakusema kama cheti kilipata kunakiliwa, na wala sisi hatukumwuliza.

Miezi mitano ikapita. Mzee alikuja mara mbili kuuliza, na kila mara alileta karanga za kuchemsha ndani ya kikapu, akatuachia bila kuketi. Mara ya pili alisema kwamba ukoo ule ulikuwa umempa muda hadi mvua za kwanza.

Jibu lililotoka Ulaya halikwenda kwa dalali. Lilikwenda kwa Bwana Shauri, ofisa mkuu wa wilaya, naye akaniita bomani. Mezani pake kulikuwa na cheti cha mzee wa Goweko, kikiwa kimetolewa ndani ya ngozi na kunyooshwa, pamoja na vile vitatu vya kabla yake. Barua ilieleza kwamba saini zote nne, ingawa zilidaiwa kutiwa na wasafiri wawili tofauti katika miaka tofauti, zilionyesha mkono mmoja. Walitaka tamko la kiapo la mtu anayezijua hati za nchi hii: saini ni ya mwenyewe au si ya mwenyewe.

Nilikiinua cheti kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya karatasi kulikuwa na alama ya kiwanda cha Kijerumani, na safari iliyotajwa ilikuwa ya kabla Mjerumani hajaingia nchini. Kisha nikatazama chini, mahali palipokuwa ndani ya mshono. Kulikuwa na duara dogo, na ndani yake nukta. Vile vitatu navyo vilikuwa na alama hiyohiyo.

Niliomba siku mbili.

Nilikwenda Cheyo baada ya sala ya alasiri. Shehe alikuwa barazani, macho yake yamekwisha ingia ukungu, lakini aliitambua saini kwa kuipapasa kwa ukucha. Akasema ni kazi yake, ya wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani. Baba wa huyo mzee alikuja mwenyewe, akiwa amedhoofika, akakaa hapo barazani siku nzima akisikiliza jina lake likisomwa wakati wa kuhakikisha.

"Na ya kwanza?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Niliiosha."

Nikamweleza shauri lilivyo. Ilinichukua muda, kwa kuwa halikumwingia. Alidhani kwanza kwamba wamegundua neno limepungua, na alifadhaika. Nilipomhakikishia kwamba halikupungua hata moja, aliuliza sasa wanatafuta nini. Nikamwambia wanatafuta mkono wa yule Mzungu wenyewe, mahali ulipoigusa karatasi.

Akanirudishia cheti. "Mwanangu, mtu anaweka saini ili yaaminiwe yaliyo juu yake. Haya yaliyo juu ni kweli, wamesema si kweli?"

"Hawakuuliza hayo, shehe."

"Basi wewe sema kilichopo. Usinifiche nyuma ya neno."

Nimeyafikiri maneno hayo miaka mingi. Wakati ule niliyachukua kama ruhusa. Niliandika kurasa mbili na nusu kwa Kiingereza nilichokiona kuwa bora kuliko chote nilichowahi kuandika. Nilieleza desturi ya kunakili, kanuni zake tatu, maana ya duara na nukta, na nikahitimisha kwamba saini haikutiwa na mkono wa msafiri mwenyewe, lakini cheti kinapaswa kuaminiwa katika kila neno lake kama kingeaminiwa kile cha kwanza, na pengine zaidi, kwa sababu kilisomwa mbele ya mashahidi.

Bwana Shauri alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza, "Mwalimu, ni yake au si yake?"

Nikasema, "Bwana, jibu lake ni refu."

"Swali lao ni fupi." Akanionyesha karatasi ya kiapo, iliyokuwa na nafasi ya mstari mmoja.

Nilikuwa na njia tatu. Ningeweza kuandika kwamba ni yake, nikaapa uongo. Ningeweza kukataa kuandika, na jambo lingelala kama lilivyo, cheti kikarudi Goweko bila kutukuzwa wala kutukanwa. Njia hii ya pili niliiona waziwazi, na ndiyo ambayo mtu asiyejivunia elimu yake angeifuata. Nikaifuata ya tatu. Niliandika, "Saini si ya mkono wa mwenyewe," nikatia yangu chini yake, na zile kurasa mbili na nusu nikaomba ziambatanishwe. Aliahidi, na naamini aliziambatanisha.

Cheti kilirudi mvua zikikaribia. Juu ya maandishi, toka pembe hadi pembe, ulikuwa umegongwa mhuri wa wino mwekundu wenye neno moja la Kiingereza lenye maana ya kitu cha kughushi. Maelezo yangu yalirudi pia, yamekunjwa vilevile nilivyoyakunja. Kitabu cha mnada dalali alikipata, akanionyesha: mahali pa cheti chetu palikuwa na namba, na mbele ya namba maneno ya kuonyesha kwamba kimeondolewa.

Mzee wa Goweko alifika siku ya tatu. Dalali alijiingiza nyuma ya duka na kuanza kupanga viti visivyohitaji kupangwa, ikabaki juu yangu kusema. Nilimpa shikamoo, nikamwekea kiti, hakuketi. Nikamweleza yote tangu mwanzo, kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza akitazama ule mhuri.

"Ndiyo, ilinakiliwa," alisema nilipomaliza. "Baba alituambia. Hata kitabu tunachosomewa kanisani kimenakiliwa, na hakuna anayekigonga mhuri."

Akaweka kidole juu ya mhuri.

"Hili neno jekundu linasema nini?"

Nikamwambia. Nililichagua neno la Kiswahili lililo laini kuliko yote niliyoyapata, na bado lilikuwa gumu.

"Kwa hiyo umeandika kwamba baba yangu hakwenda."

"Sikuandika hivyo, mzee. Niliandika saini tu."

"Na kwamba alikwenda, hilo umeliandika wapi?"

Nilimwonyesha kurasa zangu. Nikamtafutia mahali penyewe, kwenye ukurasa wa pili, na kumtafsiria sentensi nzima. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha aliuliza kama kurasa hizo nazo zimepigwa chapa kitabuni. Nikasema hapana. Akauliza kama zina mhuri. Nikasema hazina.

Akaweka cheti mezani, na ule mfuko wa ngozi uliofumuliwa akauweka juu yake. Alisema hawezi kurudi nacho nyumbani katika hali ile. Wakikiona watasema hata wakubwa wa Ulaya wamekataa. Nilimsihi akichukue ili shehe amwandikie kingine kisicho na mhuri. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Na hiki mtakiosha, mwalimu?"

Alivaa kofia yake mlangoni. Garimoshi la kurudi lilikuwa la jioni, na dalali aliniambia baadaye kwamba alimwona ameketi stesheni mchana kutwa, mgongo kwa mji.

Shehe aliitwa bomani wiki ile. Hakushitakiwa, alionywa, kupitia mkalimani aliyekuwa mwanafunzi wake mwenyewe, asinakili tena karatasi yoyote yenye saini ya Mzungu. Aliuliza yale yaliyonakiliwa zamani yamekuwa uongo tangu lini, tangu yalipoandikwa au tangu leo. Mkalimani hakulifasiri swali hilo. Aliporudi Cheyo aliniagiza nimwagie wino wake wote chini ya mkomamanga. Nilimwaga. Ulikuwa mwingi kuliko nilivyodhani, na ardhi haikuunywa upesi.

Wengine wenye vyeti vya kale, waliposikia, walivificha, na baadhi walivichoma kwa kuogopa kushitakiwa kwa kughushi. Ni vingapi sijui. Miongoni mwa vilivyochomwa bila shaka vilikuwamo visivyowahi kunakiliwa, vyenye saini zenyewe ambazo Ulaya ilikuwa ikizitafuta.

Washenga walikwenda Goweko mvua za kwanza zilipoanguka, wakadai majembe ya posa, wakarudishiwa yote. Binti alipelekwa kwa shangazi yake Usinge, akaolewa huko baada ya miaka minne na mtu aliyekuwa na wake wengine wawili. Babu yake hakuja tena Tabora. Shehe alifariki kabla ya Vita Kuu ya Pili kwisha, bila kuandika neno jingine. Dalali alirudi kwenye vitanda na mabirika. Cheti kipo kwangu, ndani ya mfuko wake, na sijakinakili.